Matroni wa Kitabuni na wa Bwenini Kwetu

Watu wakichambua mtawala dhalimu wa kike kwenye riwaya, utasikia: ana roho mbaya. Basi, wameishia hapo. Inanikera sana. Hata mimi, nikiwa shule ya bweni Lushoto miaka ile ya Ujamaa, niliandika hivyo hivyo. Mwalimu wetu alitusomesha riwaya ya nchi ya kubuni, ya siku zijazo, inayotawaliwa na mwanamke anayewakataza raia lugha za mama zao. Swali lilikuwa: kwa nini anawatesa? Nikajibu kwamba ni katili tu, anafurahia.

Na bwenini tulikuwa na wa kwetu. Matroni alipiga marufuku kilugha, eti tunajenga taifa. Ukikamatwa unaongea Kishambaa, lugha yetu ya nyumbani, unavishwa kibao shingoni mpaka akamatwe mwingine. Tulidhani ni mtu wa pwani, maana Kiswahili chake kilinyooka kweli kweli.

Siku moja mama yangu alikuja kutoka nyumbani Mlalo, macho mekundu. Kiswahili chake kilikuwa cha shikamoo na bei za sokoni. Alipoanza kwa Kishambaa, Matroni akamkatiza: hapa Kiswahili tu. Mama akanitazama, akatafuta maneno, akakosa. Nikaamriwa kurudi darasani. Niligeuka nikamwona bado amesimama pale, roho ikaniuma.

Likizo ilipofika nilikuta kaburi la bibi, aliyenilea, limeshaota majani. Nikamlilia mama, kwa nini hakuniambia? Akashangaa.

"Si nilimwambia yule mama wa shule, ulipoondoka? Alinijibu kwa Kishambaa, cha watu wa Rangwi kabisa. Akasema atakwambia, uje tuzike."

Jamani! Shule ilipofunguliwa nilimfuata Matroni stoo, tukiwa wawili tu. Nikampa shikamoo, kisha nikamuuliza kwa Kishambaa:

"Mama yangu alikwambia nini?"

Hakukasirika. Aligeuka haraka kutazama mlangoni, kama kuna aliyesikia. Ndipo nikaelewa: angenipa habari za ule msiba, ningemuuliza ameelewaje maneno ya mama, na siri yake, kwamba ni Mshambaa mwenzetu, ingetoka. Kwa hofu hiyo tu, bibi yangu alizikwa bila mimi. Na mimi nilikuwa nimeandika eti yule wa kitabuni anafurahia.

"Nenda kachukue kibao," akasema, kwa Kiswahili kile kile kilichonyooka.