Picha ya Mwisho ya Filimu

Mwanamke aliyenyang'anywa mume na mwanamke mwenzake ana mahali pa kulalamika. Ataenda kwa wakwe, ataenda kwa padri, atawaambia wamama wa parokia. Mimi wangu alichukuliwa na treni, na kila niliyemweleza alicheka. Mama mkwe wangu aliniambia nimshukuru Mungu, kwa sababu treni haizai watoto wa nje.

Mume wangu alikufa katika msimu wa mvua uliopita. Ameniacha na nyumba, watoto ambao sasa ni watu wazima, na kopo kubwa la biskuti lililojaa picha za treni. Siku ya kumaliza matanga alikuja mtu kuchagua kitu kimoja cha marehemu, na watu wote walijua kwamba atachagua kopo hilo. Kwa desturi yetu sikuwa na njia ya kumkatalia. Habari ninayotaka kuieleza ni ya kopo hilo, lakini inaanzia mbali.

Tulipooana, mume wangu alikuwa fundi katika karakana ya kiwanda, hapa Likasi. Kamera aliinunua kwa Mbelgiji mmoja aliyekuwa akirudi kwao na kuuza vitu vyake vyote, hata mapazia. Wengine walinunua friji na vitanda. Yeye alirudi na kamera ndani ya mfuko wa ngozi, akaitundika msumarini juu ya kitanda chetu, mahali ambapo mimi nilitaka tutundike msalaba.

Rafiki yake alifanya kazi kwenye reli. Ndiye aliyegeuza njia pale treni zinapoachana. Alijua treni gani imetoka Lubumbashi na ipi imekwama Tenke. Kila Jumapili, baada ya misa ya kwanza, alisimama nje ya lango letu na kugonga kengele ya baiskeli. Hakuingia. Mume wangu alikuwa tayari amevua shati la misa. Nilikuwa nawafungia bukari, yaani ugali, na samaki wakavu wa ziwa la Tshangalele, nao wanaondoka, mara upande wa Kambove, mara upande wa ziwa, wakarudi jua likizama. Shati la mume wangu lilirudi na udongo mwekundu tumboni. Tumboni tu, mgongoni lilikuwa safi. Nililifua shati hilo miaka mingi bila kujua ule udongo unatoka wapi. Nilimwuliza, akasema, "Ni vumbi la njia."

Siku hizo kupiga picha reli na stesheni kulikuwa kunakatazwa. Askari waliweza kukutolea filimu na kuianika juani mbele ya macho yako. Wao walipita kwa sababu ya yule rafiki, na kwa sababu mume wangu alikuwa na akili yake: kila dereva wa treni alimpiga picha moja akiwa amesimama mlangoni mwa kichwa cha treni, akampelekea ikiwa imeshasafishwa. Madereva wengi wa njia hii wana picha hiyo ukutani hadi leo. Walipomwona kando ya reli walipiga honi. Nilisikia honi hizo nikiwa jikoni, hata zilizokuwa mbali, na kila moja ilinichoma. Nilijua ni yeye anasalimiwa.

Filimu zilikuwa adimu. Alipopata moja aliitumia kwa uchungu, picha mbili leo, tatu Jumapili nyingine, treni ya mizigo ya madini, treni ya abiria ya kwenda Kamina. Rafiki yake naye aliruhusiwa kubonyeza mara mojamoja. Lakini picha ya mwisho kabisa ya kila filimu aliipigia nyumbani, na aliyepigwa ni mimi. Alikuwa akifika, anasimamisha baiskeli, anasema, "Mama, tazama huku," halafu tyaa, imekwisha. Kesho yake filimu ilipewa mwenzake wa kazini anayekwenda Lubumbashi.

Kwa hiyo nina picha nyingi. Mimi na mwiko mkononi. Mimi na mimba ya mtoto wa pili, miguu imevimba. Mimi na nywele nusu zimesukwa, nusu zimesimama. Jirani zangu walikwenda studio, wakavaa liputa mpya za kitenge na viatu vya kuazima, wakapigwa mbele ya pazia lenye maua. Mimi nilipigwa nikiwa na sabuni hadi kwenye kiwiko. Niliona kwamba treni zinakula nyama, na mimi ninapewa mchuzi uliobaki chini ya sufuria.

Mara moja nilidai kwenda nao. Mume wangu alishangaa, lakini alinipakia nyuma ya baiskeli, tukaenda upande wa ziwa, mahali reli inapopinda na kuacha nafasi ya kuona treni nzima kutoka kichwa hadi mkia. Tulikaa chini ya kivuli kidogo cha nguzo ya umeme. Nilidhani watazungumza. Walikaa kimya kama watu wanaosubiri komunyo. Mmoja alinyoosha mkono, mwingine akauwekea kipande cha bukari bila kutazama. Mmoja akainua kidole, mwingine akaacha kutafuna. Mimi sikusikia kitu. Baadaye ndipo reli ilianza kulia, na nyaya za juu kutetemeka.

Nilianza kumwuliza mume wangu jambo fulani, sikumbuki nini. Alinionyesha kiganja ninyamaze. Treni ya abiria ilitokea kwenye mpindo, mabehewa yake yamefifia rangi, watu wamejaa madirishani, na mwanamke mmoja mwenye kitambaa cha njano kichwani akatupungia. Mimi sikuitazama treni. Nilitazama uso wa mume wangu. Uso ule mimi nilikuwa siujui. Sikuwahi kuletewa nyumbani. Nilipogeuka, nilimwona rafiki yake naye anautazama, na nikaona kwamba yeye ameuzoea.

Sikuomba kwenda tena.

Nilimwonea wivu yule mtu kuliko nilivyomwonea wivu mwanamke wa kitambaa cha njano. Mwanamke alipita na treni yake. Yule mtu kila Jumapili aligonga kengele.

Halafu ulikuja wakati ambapo treni zilibeba watu wa Kasai waliofukuzwa, na magodoro yao, majirani zetu, watu tuliobatiziana watoto. Siku zile mume wangu alikwenda stesheni bila kamera. Alirudi, akakaa, hakula. Baada ya hapo mambo ya reli yalianza kuharibika yenyewe. Nyaya zilikatwa na wezi. Treni ya abiria ilikuja mara moja, halafu haikuja, na watu wakaacha kuuliza. Madini yakahamia kwenye malori, yale yanayopita sasa mchana kutwa na kuacha vumbi kwenye nguo zangu zilizo kambani. Filimu nazo zikakosekana. Kamera ikabaki msumarini.

Nasema kweli, nilifurahi. Nilidhani sasa ni zamu yangu. Lakini mume wangu alizeeka akikaa nje jioni, kichwa kimeinama upande mmoja kama mtu anayesikiliza, na rafiki yake alikuja kukaa naye, naye kichwa kimeinama hivyohivyo. Nilikuwa nawaletea chai. Walinishukuru wote wawili kwa pamoja.

Sasa nifike kwenye matanga. Kwetu, kila ukoo una watani wake, tunawaita bajukulu, yaani wajukuu, hata kama ni wazee wenye mvi. Kazi yao msibani ni kuchekesha. Wanavaa nguo za marehemu, wanamwiga, wanamtukana, na hakuna anayeruhusiwa kukasirika. Rafiki ya mume wangu anatoka katika kabila la watani wetu. Kwa hiyo, siku ya pili ya kilio, aliingia uani amevaa ovaroli ya mume wangu na kofia yake ya kazini. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye mkeka, miguu nimeinyoosha, wamama wamenizunguka.

Alipita mbele yetu akichechemea kama marehemu alivyochechemea. Akachukua chupa tupu ya bia, akaifanya kamera. Halafu alijitupa chini, akalala kifudifudi katikati ya uwanja, tumbo ardhini, jicho moja amelifumba, matako juu. Akaanza kutambaa. Akawanyamazisha wamama kwa kiganja, kiganja kilekile. Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Wamama walionishika mabega walitikisika kwa kicheko na kunitikisa na mimi.

Aliposimama, ovaroli ilikuwa na udongo mwekundu tumboni.

Sikucheka. Watu walidhani ni uchungu wa kufiwa. Ulikuwa uchungu, lakini si ule waliodhani. Ningeliambiwa tu. Ningeliambiwa kwamba mume wangu, mtu mzima, baba wa watoto, alikuwa akilala chini kama mjusi ili treni ionekane ndefu. Ningelifua lile shati kwa moyo mwingine. Mtu mwingine alikuwa amekaa na habari hiyo miaka yote, na sasa aliwagawia watu kama karanga.

Siku ya kumaliza matanga mjukulu ana haki yake. Anachagua kitu kimoja cha marehemu na kukishika. Familia ikikitaka, inakikomboa kwa kuku au kwa kinywaji. Wifi yangu alitandaza vitu juu ya meza: saa, viatu, redio, kamera, na kopo. Sikumwambia aliweke kopo. Aliliweka kwa sababu kila mtu alijua.

Yule mzee alikuja taratibu. Siku hiyo hakuvaa ovaroli. Aliniita bibi yake, yaani mke wake, kama mjukulu anavyoruhusiwa, akasema bwana mkubwa ameondoka na treni ya asubuhi, sasa nitampikia yeye. Watu wakacheka. Hakugusa saa, wala kamera. Alifungua kopo, akavuta kiti, akaanza kupanga picha mafungu mawili, fungu la treni na fungu la mimi. Nilitazama vidole vyake. Nilikuwa nimeamua moyoni kwamba akichukua treni sitazikomboa. Aende nazo. Zimeniudhi vya kutosha. Na wakati huohuo nilikuwa nimekamata ukingo wa mkeka kwa nguvu, kwa sababu sikutaka zitoke ndani ya nyumba.

Alisukuma fungu la treni kando. Akachukua fungu la mimi.

Kelele zikapanda. Wifi yangu alisema mjukulu huyu anataka kumrithi mjane. Mwingine akamwambia atafute meno kwanza.  Mzee alinyanyua picha moja, ile niliyopigwa nikianika nguo, nimekunja uso kwa hasira, akaileta mpaka pale nilipokaa, akachuchumaa.

"Mama, hizi ni treni zangu."

Nilimwambia, "Shemeji, hapo siko treni. Hapo ni minye."

"Unajiona weye. Minye naona treni ya abiria, vichwa viwili mbele, inatoka Kambove, jua iko nyuma yake. Sijaona tena ya namna ile. Nikamwambia piga. Akasema filimu iko na moja tu. Nikamwambia hiyo moja ndiyo ninaomba. Akafunika kamera na kofia."

"Akasema nini?"

"Akasema, hii iko ya mama wa batoto. Siku ile hatukusemezana njia yote. Si siku ile tu. Kila filimu, mama. Kila filimu nilikuwa nahesabu zinabaki ngapi, na ile ya mwisho najua iko yako, hata kama treni ya Papa wa Roma inapita." Aliitazama picha. "Na weye unakunja sura."

Watu walikuwa wanapiga kelele zao bado, wanadai kuku.  Ningependa kuandika kwamba wivu wangu uliisha pale. Haukuisha. Picha moja kwa filimu nzima bado ni moja, na uso ule wa kwenye mpindo sikupewa. Lakini nilimtazama mzee yule aliyechuchumaa kwa shida, magoti yanalia, na nikaona mtu aliyekuwa akinichukia Jumapili zote zile nilizokuwa nikimchukia yeye, akala bukari yangu na kunichukia. Jambo hilo lilinipa raha ambayo si nzuri sana, lakini ilikuwa raha.

Nilimwambia wifi yangu alete jogoo. Nikazikomboa picha zangu, zote isipokuwa moja. Ile ya kuanika nguo nilimwachia. Nilimwambia treni yake aende nayo. Kopo la treni lilirudi chumbani, juu ya kabati, na nikifungua sasa huwa nazitazama polepole, nikijua kila moja ilitazamwa na mtu aliyelala juu ya tumbo lake.

Juzi nilikutana na mke wake sokoni, kwenye samaki. Tulisalimiana, tukaulizana watoto. Halafu akainama akachagua samaki kwa muda mrefu, akasema bila kunitazama kwamba mzee wake ameitundika picha yangu ukutani, mbele ya kiti chake, na kila jioni anaitazama na kutabasamu. Anasema eti ni treni.

Nilimwambia ni kweli, ni treni.

Alinitazama kama wakwe zangu walivyonitazama zamani nilipowaeleza habari ya treni, akalipa samaki wake, akaondoka.