Disketi Isiyo na Jina

Bibi wa mke wangu alipooza upande wa kulia mwezi ule ule ambao maofisa wa ardhi walitangaza kwamba wangekuja Bongwe kusikiliza habari za mipaka ya mashamba. Ulimi ulikwenda pamoja na mkono. Alisikia kila neno na alimtambua kila aliyeingia, lakini kilichotoka kinywani mwake kilikuwa sauti moja tu, ndefu, na baada ya siku chache akaacha kuitoa. Yeye peke yake ndiye aliyeishi kwenye shamba la ukoo huko Bongwe tangu utotoni. Mama mkwe wangu alilelewa Shimoni kwa ndugu za babake, na mke wangu alizaliwa Msambweni. Hakukuwa na mwingine katika ukoo aliyeweza kusema kwa hakika mpaka unapita wapi.

Bahati ilikuwa kwamba alikuwa amekwisha kusema. Kabla ya kuugua, Ijumaa nne mfululizo, baada ya sala, alikuja kwetu Ukunda akaketi kwenye mkeka kando ya meza ya kompyuta, na mke wangu akapiga chapa aliyoyasema: mkwaju uliopigwa na radi, kaburi la dadake, kisima alichochimba mamake, majina ya majirani wa zamani na ya watoto wao. Kila Ijumaa alieleza upande mmoja wa shamba na hakukubali kuvutwa aende upande mwingine. Kila Ijumaa mke wangu alihifadhi faili moja. Hatukuzichapa kwenye karatasi, kwa sababu utepe wa printa ulikuwa umekauka na sisi tulidhani tuna wakati.

Mimi nilikuwa fundi wa majokofu na viyoyozi katika hoteli moja ya Diani. Kompyuta sikufundishwa na mtu. Hoteli ilipobadilisha mashine zake nilipewa moja ya zile kuukuu, nikaifungua kama ninavyofungua jokofu, nikajifunza kwa vitabu vya mtumba nilivyovinunua Mombasa. Nilisoma na kamusi pembeni. Nilikuwa na daftari la mraba ambamo niliandika kila hatua niliyoichukua na kilichotokea baada yake. Nyuma ya kitabu kimoja palikuwa na sahani ya Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows. Nilikisoma kitabu hicho miezi minne kabla ya kuigusa sahani.

Niliigusa kwa sababu ya hofu. Mke wangu alikuwa karani wa shule, na disketi zake zilikwenda shuleni na kurudi, na virusi vilirudi pamoja nazo. Siku moja barua zake mbili zilifunguka zikiwa zimejaa alama zisizosomeka. Nikazifikiria zile faili nne za Bibi. Nikapanga hivi: nifute mashine yote, nirudishe Windows upya katika sehemu moja kwa kazi za shule, niweke Linux katika sehemu ya pili kwa mambo yasiyostahili kupotea, kisha niifundishe familia kutumia zote mbili. Kikao cha mipaka kilikuwa Alhamisi iliyofuata. Nilitaka maneno ya Bibi yawe salama kabla ya hapo.

Ijumaa nikamwambia mke wangu, "Toa kila unachokitaka, ukitie kwenye disketi. Kesho asubuhi nafuta."

"Kila kitu?"

"Kila kitu. Kikibaki humo kimekwenda."

Akafanya kama nilivyomwambia. Jumamosi asubuhi nikafuta, nikarudisha Windows, nikaanza Linux. Kila hatua niliiandika. Karibu na mwisho programu ilitaka disketi tupu ili itengeneze ya kuwashia mashine siku itakapokwama. Nikafungua kisanduku. Disketi kumi na moja zilikuwa na mwandiko wa mke wangu: Mitihani, Kadi za harusi, Barua za mwalimu mkuu. Moja, iliyokuwa mbele ya zote, haikuwa na karatasi wala alama yoyote. Niliandika daftarini: disketi tupu, imepatikana kisandukuni. Nikaitia. Taa ya kijani ikawaka kwa muda kama wa kuchemsha chai, ikazima. Nikachukua kalamu nikaandika juu yake: Linux, ya kuwashia.

Sikuitazama ndani kwanza. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini, mimi ninayepima waya mara mbili kabla ya kuushika.

Baada ya alasiri niliwaita. Mama mkwe aliketi kwenye kiti cha nyuma, na shemeji yangu, ndugu mdogo wa mke wangu aliyekuwa mhudumu wa hoteli, alisimama mlangoni akiwa bado na sare. Bibi tulikuwa tumemleta kwetu tangu augue. Alilala chumba cha pili, na kati yake na sisi palikuwa na pazia tu.

Nikawaeleza kwamba mashine ikiwashwa itasimama na kungoja. Ukiandika neno moja inaingia Windows, ukiandika jingine inaingia Linux.

"Kwa hivyo umeiozesha mke wa pili," alisema mama mkwe.

"Ni kama hivyo, mama."

"Na zamu?"

"Zamu anaamua anayeiwasha."

"Basi hiyo si ndoa, hiyo ni fujo," akasema, na sote tukacheka. "Wanakaa chumba kimoja?"

"Kila mmoja na chumba chake, mama. Mlango wa nje ndio mmoja."

"Afadhali. Wakikaa chumba kimoja utaikuta imevunjwa meno."

Nikaiwasha. Skrini ikawa nyeusi na maandishi meupe yakaanza kupanda mbio, mstari juu ya mstari. Mama mkwe alivuta leso yake kifuani.

"Mwanangu, mbona inakimbia hivyo? Inamkimbia nani?"

"Shemeji, hii kitu imekufa ama?" aliuliza yule kijana wa hoteli. Kiswahili chake kilikuwa kimebadilika tangu aanze kukaa na watu wa bara kazini.

"Haijafa. Inajikagua, inataja kila kiungo inachokiona."

"Walahi ingekuwa mgeni wa hoteli ningeita askari."

Mke wangu ndiye aliyejaribu wa kwanza. Aliandika jina lake, akaandika neno la siri, akafungua mahali pa kuandikia. Alitabasamu. Kisha akasema, "Haya, turudishe za Bibi kabla sijasahau," akavuta kisanduku. Niliuona mkono wake ukisimama hewani.

"Iko wapi ya kwanza?"

"Ipi?"

"Ya Bibi. Niliiweka hapa mbele."

Nilijua papo hapo. Hata hivyo niliuliza, kana kwamba swali lingeweza kubadilisha kitu.

"Ile isiyoandikwa?"

"Ningeandika nini?" alisema. "Niandike jina la Bibi kwenye kidubwasha kinachotupwa tupwa mezani?"

Katika nyumba yao jina la mkubwa haliandikwi juu ya kitu kinachoshikwa na kila mkono. Kikombe cha Bibi hakina alama, na huwekwa mbele ya vikombe vyote. Mkeka wake ni ule usiosukwa kwa ukili wa rangi, na hukunjwa juu ya mingine. Nilikuwa nimeishi nao miaka tisa na nilikuwa nimekiona kikombe kile kila siku. Lakini mimi ni mtoto wa watu wa bara waliokuja kwenye mashamba ya makazi yaliyogawiwa na serikali. Kwetu hata mpini wa jembe ulichomwa jina la mwenyewe kwa chuma cha moto, na kisicho na jina kilikuwa hakina mwenyewe.

Nikatoa ile disketi, nikawaonyesha maandishi yangu juu yake. Hakuna aliyesema kwa sauti. Tulikuwa tumekumbuka pazia.

"Si urudishe nyuma tu, shemeji?" alinong'ona yule kijana. "Kuna kitufe cha kurudisha."

"Hakuna kitufe cha hilo."

Mama mkwe alinigeukia. Hakukasirika, na hilo liliniogopesha zaidi. "Mwanangu," alisema polepole, "yako wapi maneno ya mama?"

Mke wangu aliinuka akaenda nyuma ya pazia kumgeuza Bibi upande, na alikaa huko mpaka magharibi.

Jumapili sikwenda kazini. Jambo la kwanza nililofanya ni kusogeza kile kipande kidogo cha plastiki kwenye kona ya disketi ili kisiandikike chochote tena. La pili lilikuwa kosa dogo ambalo lingekuwa kubwa kama ningelianza nalo: nilifungua Windows nione ndani, ikaniambia haiitambui disketi ile, na ikauliza kama nataka iandaliwe upya. Kidole changu kilikuwa tayari juu ya kitufe. Nilikiondoa kwa mkono wa pili, kama mtu anayemwondoa mtoto jikoni.

Nikaingia Linux na kitabu magotini. Kitabu kilisema iko amri inayonakili disketi kutoka mwanzo hadi mwisho bila kuuliza maana ya kilichomo, na nyingine inayochambua herufi za binadamu kutoka kwenye takataka. Kilisema pia jambo nililolisoma mara tano: programu yangu ya jana haikuwa imeandika disketi nzima. Iliandika mwanzo wake tu, kiasi ilichokihitaji.

Nikamuuliza mke wangu, "Ulitia nini kwanza kwenye disketi ile?"

"Picha ya kitambulisho cha Bibi, ile tuliyopigiwa dukani. Kisha Ijumaa ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Kwa mpango."

Picha ilikuwa kubwa. Niliomba iwe kubwa vya kutosha kukikinga kilichofuata.

Kunakili kulichukua muda mrefu. Disketi ilikwaruza ndani ya mashine, ikanyamaza, ikakwaruza. Kila iliponyamaza nilishika ukingo wa meza. Kisha nikaamuru herufi zitokee. Kwanza vilitoka vipande vya Kiingereza vya mfumo wenyewe, kurasa na kurasa. Halafu takataka. Halafu takataka zaidi. Nilikuwa nikibonyeza kitufe kimoja kushuka, nikiogopa hata hicho.

"Hapo!" alisema mtu nyuma yangu.

Alikuwa mama mkwe. Sikujua amesimama hapo tangu lini. Alikuwa ameweka kidole kwenye kioo, juu ya mstari uliokatika mwanzoni: *...shuka na mkwaju uliopigwa na radi hadi kaburini kwa*

"Usiguse kitu," alisema. Aliita, "Njoo na karatasi! Njoo!" Mke wangu alikuja mbio. Utepe wa printa ulikuwa bado mkavu, na sikuthubutu kuhamisha chochote. Basi mama mkwe alisoma kwa sauti ya chini kutoka kwenye skrini ile nyeusi aliyoiogopa jana, mke wangu akaandika kwa mkono, na mimi nikashuka mstari kwa mstari. Shemeji alipita akatazama. Alitaka kusema mzaha, akauacha.

Tulipata Ijumaa ya tatu na ya nne kamili. Ya pili ilikosa sentensi tatu za mwanzo, ambazo mama mkwe, aliyekuwapo Ijumaa ile, alizikumbuka. Ya kwanza haikuwapo. Nilitafuta mara tatu, toka juu hadi chini, nikitumia kila neno nililodhani Bibi angelitumia. Pale ilipokuwa palikaliwa na Linux. Ijumaa ya kwanza ilikuwa upande wa kaskazini, upande wa kisima. Mke wangu, aliyeipiga chapa, alikumbuka kisima chenyewe tu, si mpaka unavyopita.

Jumatatu mama mkwe aliketi kitandani kwa Bibi akashika mkono wake wa kushoto. Walikuwa wamekubaliana tangu mwanzo wa ugonjwa: kukaza ni ndiyo.

"Mama, kisima kiko ndani ya mpaka wetu?"

Ukakaza.

"Kutoka kisimani mpaka unafuata njia ya ng'ombe?"

Haukukaza.

"Unafuata minazi?"

Haukukaza. Aliuliza mengi, mkanju, kichuguu, bonde, ua la jirani, mpaka Bibi akafumba macho na machozi yakamtiririka kuelekea sikioni. Mke wangu akasema, "Basi, mama. Basi."

Alhamisi tulikwenda Bongwe na pande tatu zilizoandikwa vizuri, na mstari mmoja wa upande wa nne, ule wa kaskazini: kisima kiko ndani ya mpaka. Maofisa na wazee walisoma pande tatu wakazikubali bila maswali mengi. Kwa upande wa nne, ofisa aliuliza, "Ndani ya mpaka kwa umbali gani?" Mke wangu alipekua karatasi, akazikunja tena. Jirani akasema kwamba babake alimwonyesha mpaka ukipita upande wetu wa kisima, hatua mbili kutoka mdomoni pake. Sidhani alisema uongo. Alisema alichoambiwa, na hatukuwa na maneno ya kuyaweka mbele ya yake. Kigingi kikapigwa hapo, na kisima kikabaki ng'ambo.

Njiani mama mkwe alisema Bibi lazima aambiwe, na asiambiwe na watu wa mtaani. Niliomba nimwambie mwenyewe. Usiku wa nyuma sikulala kwa kuogopa kupoteza shamba. Sasa niliogopa uso wa Bibi tu, zaidi ya vile nilivyowaogopa maofisa wote wale.

Nilipiga magoti kando ya kitanda. "Shikamoo, Bibi." Nikamweleza kwa mpango: disketi ilivyokuwa mbele ya nyingine, nilivyoichukua, kilichookolewa, kisichookolewa, kigingi kilipo. Sikumwambia kwamba sikujua desturi, maana miaka tisa ilikuwa inatosha kujua. Kisha nikamwomba anisamehe, nikaweka kiganja changu chini ya mkono wake wa kushoto ili anijibu.

Mkono ule ulikuwa na joto. Haukukaza, na haukuondoka. Macho yake yalikuwa wazi, juu ya uso wangu. Nilibaki pale nimepiga magoti, nikisikiliza pumzi zake, nikiogopa kuutoa mkono wangu kabla yeye hajautoa wake.