Siku Mapera Yangu Yalipogeuzwa Almasi

"Kama hukumeza mawe, sasa unatetemeka nini?" Askari ndivyo alivyoniuliza, na mimi niliyezoea kumbana kila mtu kwa maswali, hata padri wetu, niliweza tu kuomba nipite. Aibu hii nimeificha vya kutosha.

Ilikuwa wakati wa vita, hapa Kisangani, na saa nne asubuhi nilitakiwa kutetea kazi yangu ya mwisho chuoni, juu ya nyuzi za matunda ya kwetu, jinsi zinavyosukuma choo na kulisha vijidudu vyema vya utumbo (jury, yaani jopo la watahini, ikitawanyika, hakuna aliyejua itakaa tena lini). Siku tatu kabla, Tantine, dada mdogo wa mama aliyenilea mtaani Mangobo, alinionya kwamba mapera ukiyala na mbegu zake yanafunga tumbo. Nikamuuliza ushahidi uko wapi. Hakuwa nao, donc nikala karai zima, mbegu zote, kwa maji kidogo sana maana mabomba yalikuwa yamekauka na makaa ya kuchemshia maji ya mto yalikuwa shida.

Tumbo likafunga. Asubuhi ya jury nikasema sayansi haitaniangusha, nikala papai zima peke yangu, tukatoka na Tantine kwa miguu, na pale kwenye kizuizi cha askari, katikati ya foleni, papai likayafikia mapera.

Nikajikunja, jasho likanitoka, nikaomba nipite haraka. Bon, Kisangani ya miaka ile, anayeshika tumbo mbele ya askari amemeza almasi, "mawe" kama tulivyoziita.

"Huyu iko na mawe mu tumbo," akawaita wenzake. "Mumupe ndoo."

Nilipewa ndoo nyuma ya mkeka uliotundikwa kama pazia, mama mpishi wao akinilinda (hapo sitaeleza zaidi). Kisha askari wote wakaizunguka, wakaosha na kuchekecha kama wachimbaji, wakapata mbegu mamia, ngumu, za manjano. Mkubwa wao akachukua moja, akaiuma. Akaitema.

"Chef, hiyo ni pera," Tantine akamwambia kwa upole. "Nilimukataza, akaniomba preuve."

Foleni nzima ikacheka, yule mkubwa akatufukuza. Tulifika chuoni jury ikikusanya karatasi zake, na kwa kukosa uongo wa haraka nikawaeleza yote. Rais wa jury alicheka hadi akafuta miwani, akasema hayo ndiyo matokeo pekee katika kazi yangu yaliyoshuhudiwa na watu. Nikapita. Tangu siku hiyo sigusi pera bila jagi la maji kando: nyuzi bila maji ni saruji.

Miaka mingi baadaye, tukimenya ndizi jikoni, Tantine akaniambia kwamba asubuhi ile, askari wote walipoinamia ndoo yangu, hakuna aliyekumbuka kupekua kilemba chake, na ndani yake mlikuwa na mawe saba.