Polepole Anunua Gari la Mbio

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limesahaulika hata nyumbani. Watu walimwita Polepole, na hakuna aliyekusudia kumtusi. Kwa zaidi ya nusu ya maisha yake alikuwa dereva wa gari la maiti, na gari la maiti haliendeshwi kwa pupa. Wafiwa wanafuata nyuma kwa miguu. Ukikanyaga mafuta kidogo tu umewaacha, ukifunga breki ghafla jeneza linagonga ukuta na mama wa marehemu anaanza kulia upya. Polepole aliweza kulivusha gari juu ya tuta na maua yaliyolazwa kwenye jeneza yasiteleze. Mkewe alikuwa na msemo wake: akimtuma mayai hana wasiwasi hata kidogo, lakini akimtuma dawa, basi mgonjwa aandike wosia kabisa.

Wachache walikumbuka kwamba ujanani hakuwa hivyo. Yeye na rafiki yake mmoja walijifunza kuendesha kwa gari la mizigo la baba wa yule rafiki, na kila walipopata nafasi walilipeleka kwenye uwanja wa ndege wa zamani, ulioachwa ukaota majani kwenye nyufa. Huko ndiko zilikofanyika mbio za njia iliyonyooka. Magari mawili husimama sambamba, taa ya kijani ikiwaka kila dereva hukanyaga mpaka mwisho, na ukipenga kamasi umekosa kuona. Wote wawili walikimbia msimu mmoja, na waliojua mambo hayo walisema mwenye mguu hasa ni Polepole, yule mkimya. Kisha baba yake Polepole akafariki, wadogo zake wakabaki wakimtazama yeye, na kazi iliyopatikana haraka ilikuwa ile ya chumba cha maiti. Rafiki yake akaendelea na mbio, akashinda sana, akapewa jina la Radi. Polepole akawa mtu wa kusimama nje ya wavu na kushangilia mpaka sauti ikakauka.

Alasiri moja Radi alimfuata kazini, nyuma ya jengo, alikokuwa akiosha gari. Wote wawili walikuwa wameshaota mvi. Radi alilalamika kuhusu mgongo, akasema anaacha mbio, na lile gari lake jekundu linatafutwa na watu wengi, ila moyo unakataa kulitia mikononi mwa mgeni. Alitaka libaki kwa ndugu. Akaongeza kwamba, kama haki ingekuwepo duniani, Polepole ndiye angekuwa bingwa na yeye angekuwa anaosha gari hilo la maiti. Kilikuwa kilemba cha ukoka, lakini Polepole alikivaa, maana hakuna aliyewahi kumvika kingine.

Nyumbani mkewe alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Akiba waliyokuwa nayo ilikuwa ya kuezeka vyumba vya uani. Alimuuliza swali moja tu, kama ana hakika, naye alipojibu kwamba ana hakika, akainuka akaenda kukusanya vitu uani ili gari lipate pa kukaa.

Kama angekuwa ananunua baiskeli kwa mtu asiyemjua, Polepole angezungusha magurudumu, angevuta breki, angeuliza imetoka wapi. Lakini utamkagua vipi mtu aliyekubebea jeneza la baba yako? Aliwasha injini, ikanguruma, kifua kikatetemeka, biashara ikaisha hapo.

Makosa ya kwanza hayakumsumbua. Gari lilivuja mafuta, gia ya pili ilikuwa ikiruka, na ekzosi ilitoa moshi uliowafanya majirani waanue nguo. Polepole alisema gari kuukuu ni kama mtu mzima, haliwezi kukosa pa kuuma. Kila Jumapili alilala chini yake kwenye kipande cha boksi, akabadilisha hiki, akakaza kile, na mkewe akamletea chai na kuiweka karibu na miguu, ambayo ndiyo pekee iliyoonekana. Akimaliza aliketi kitini akashika usukani akiimba, na hata akioga aliimba. Msimu ulipokaribia, alikwenda kujiandikisha. Waandaaji wakamwambia jambo dogo: vile vyuma vinavyomzunguka dereva, vinavyomkinga gari likipinduka, vimepitwa na wakati, aongeze viwili.

Hivyo ndivyo alivyolipeleka kwa fundi wa kuchomelea, mwanamke wa makamo mwenye karakana kando ya barabara ya viwandani. Fundi alichukua msasa akaanza kung'oa rangi mahali pa kuungia. Baada ya muda akaacha, akagonga chuma kwa nyundo ndogo, akasogea kidogo, akagonga tena. Kwanza kililia kama kengele. Aliposogea nyuma kidogo, kililia kama debe lililojaa udongo. Akamwita Polepole aje asikie mwenyewe.

"Mzee, nani alikuuzia hili?"

"Ndugu yangu," alijibu.

Fundi alishika grenda akakwangua kipande kirefu zaidi, na puti, ule udongo wa kuzibia bodi kabla ya rangi, ikaanza kumwagika sakafuni kama unga. Chini ya puti chesisi, ile fremu inayobeba gari zima, ilikuwa imekatwa, nyuma tu ya kiti cha dereva, kutoka upande huu mpaka upande wa pili. Nusu ya mbele ya gari moja ilikuwa imeungwa na nusu ya nyuma ya gari jingine, na mahali pa kuungia palikuwa na uvimbe mbovu wa chuma, uliokwishaanza kuliwa na kutu kwa ndani. Fundi alisema hataligusa. Akiongeza vyuma juu ya kitu kama kile atakuwa anamchimbia mtu kaburi, na yeye ana watoto, hataki dhambi.

Lakini Polepole hakuwa akiangalia kiungo. Alikuwa akiangalia rangi. Nusu ya nyuma, chini ya wekundu, ilikuwa nyeupe. Nusu ya mbele ilikuwa ya buluu, buluu ile ya kung'aa yenye chengachenga za fedha, na buluu hiyo aliijua.

Lilikuwa gari la mpwa wa Radi, mtoto wa pekee wa dada yake Radi, kijana mcheshi aliyekuwa akifundishwa mbio na mjomba wake. Misimu michache nyuma gari lile liliserereka mwisho wa njia, likagonga ukuta wa zege kwa ubavu wa nyuma. Mbele halikuumia sana. Kijana alikutwa ameketi na mkanda wake, hana hata mchubuko, shingo imevunjika. Polepole ndiye aliyembeba kwenda makaburini. Alikumbuka joto la siku ile, na mama wa kijana aliyetembea ameshika mpini wa mlango wa nyuma njia nzima, hata yeye akalazimika kwenda taratibu kuliko siku zote. Radi alitangaza mbele ya waombolezaji kwamba gari lile limekwishapelekwa kukatwakatwa, asije mtu mwingine akalipanda.

Na yeye, Polepole, alikuwa ameketi kwenye kiti hicho Jumapili baada ya Jumapili, ameshika usukani, akiimba.

Alimkuta Radi kibarazani kwake akisoma gazeti. Hakuketi alipokaribishwa. Alimwambia alichokiona, kwa sauti yake ile ile ya kila siku, na Radi akakunja gazeti, akalikunja tena, mpaka likawa dogo kama leso. Hakukana. Alieleza kwamba baada ya msiba alilipeleka kweli kwenye chuma chakavu, akashindwa kuliacha pale. Injini ilikuwa nzima, usukani mzima. Alitafuta nusu nyingine, akaiunga mwenyewe, akalipaka rangi mara kadhaa. Alilikimbiza mara moja tu. Aliposhuka akajua hatalikimbiza tena, na hakuweza kuendelea kuliona uani kwake.

"Ungelichoma moto," Polepole alisema. "Ungelizika. Kwa nini ukaniuzia mimi?"

Radi alimtazama kwa mara ya kwanza. "Wengine walilitaka, wale vijana. Ningemuuzia mmoja wao, angekufa nalo. Wewe nilijua hutalikimbiza, ndugu yangu. Nilijua utalifuta vumbi tu."

Alisema kama mtu anayeeleza wema aliomtendea mwenzake. Hilo ndilo lililomchoma Polepole kuliko puti na kutu. Kuuziwa mbuzi kwenye gunia ni jambo la kawaida, hata wajanja huuziwa. Lakini yeye alikuwa amechaguliwa. Katika wote waliolitaka gari, rafiki yake alikaa akafikiri, akaona huyu ndiye asiyeweza kudhurika, kwa kuwa huyu hatathubutu.

Aliondoka bila kuaga. Radi alimwita mara moja, kisha akaacha.

Kwa wiki kadhaa mkewe alimwona akienda kazini na kurudi, akila na kulala. Gari lilikuwa limerudishwa uani kwa kukokotwa, limefunikwa turubai. Asubuhi moja ya Jumapili alilifunua, akaliwasha, akatoka nalo. Mkewe alisimama mlangoni ameshika ufagio. Alikuwa amekwishaambiwa kila kitu, lakini hakumzuia. Baadaye alisema aliogopa kwamba akimzuia atakuwa amesema yale yale aliyosema Radi.

Barabara ya viwandani ilikuwa tupu, mageti yamefungwa. Polepole alilipanga gari katikati, akafunga mkanda, akakanyaga. Gia ya kwanza ilimrusha nyuma kitini. Ya pili ilimkandamiza kifua, na kwa kitambo kifupi sana alikuwa yule kijana mwenye mguu, ukuta wa viwanda ukampita kama kitambaa kinachovutwa. Akaingiza ya tatu. Hapo akasikia sehemu ya mbele ikienda upande wake na sehemu ya nyuma ikitaka kwenda kwingine, na chini ya kiti chuma kikalia, mlio mwembamba wa kitu kinachoachana. Barabara ilikuwa bado ndefu mbele yake. Mguu wake ukainuka. Hakuuamuru, uliinuka wenyewe, kwa upole, bila kutikisa chochote, kama ulivyozoea miaka yote kwa ajili ya watu waliolala nyuma yake.

Alirudi kwa mwendo wa gari la maiti. Mkewe alipomfungulia geti aliona uso wake, akafikiri amegonga mtu. Alimsaidia kufungua mkanda. Alimwambia kwamba mtu aliyeacha kujiua hana sababu ya kuona haya, na kwamba wako wenye miguu myepesi waliolala makaburini, yeye mwenyewe ndiye aliyewapeleka. Polepole aliitikia kwa kichwa. Alijua mkewe anasema kweli. Alijua pia kwamba Radi alikuwa amesema kweli, na ukweli huo wa pili ndio aliokwenda kulala nao.

Fundi wa kuchomelea alikuja na mitungi yake ya gesi akalikatia gari pale pale uani. Kiungo hakikumchosha. Moto ulipokigusa tu kiliachia, na nusu mbili zikakaa mbalimbali kwenye vumbi, moja buluu, moja nyeupe. Wanunuzi wa chuma chakavu walizipakia, wakampa kilichotosha bati chache. Vyumba vya uani vilikaa bila paa mvua nyingine nzima.

Radi alikuja mara mbili kubisha hodi. Mara zote mke alimwambia mumewe yuko kazini, na mara moja ilikuwa kweli.

Walikutana tena msibani, kama watu wa rika lao wanavyokutana. Radi alisimama mbali na wenzake. Ila dada yake, mama wa yule kijana, alimfuata Polepole alipokuwa amekaa garini akisubiri jeneza litolewe. Alikuwa amepungua sana, nguo zilimning'inia. Alimsalimia, akamuuliza hali ya nyumbani, akaegemea dirisha.

"Nasikia ulinunua gari la kaka," alisema. "Unalionaje?"

Polepole alitazama mbele, kwenye kioo. Ng'ambo ya ua Radi alikuwa ameinamisha kichwa, hawatazami.

"Nimeshaliuza, dada. Halikunifaa."

"Afadhali. Mimi magari hayo siyapendi hata kuyaona." Alifuta vumbi kwenye ukingo wa dirisha kwa kidole. "La mwanangu walilikatakata, unajua. Kaka alisimamia mwenyewe. Usiku nikikosa usingizi, hilo ndilo linalonisaidia. Kwamba halipo."

"Halipo, dada," Polepole alisema.

Mwanamke akampigapiga begani, akamshukuru kwa jinsi alivyomwendesha mwanawe siku ile, bila haraka. Hakuwa amewahi kumshukuru kabla. Kisha jeneza likatoka, watu wakajipanga nyuma, na Polepole akawasha gari. Alijaribu kuingiza gia ya kwanza, ikakataa, akajaribu tena. Wa mbele katika msafara waliinua vichwa kumtazama, wakishangaa, maana haikuwa kawaida yake kuwachelewesha.