Maji Baridi ya Mchinga

Tangi la mama mdogo liliuawa na maneno mawili. Bomba halikupasuka, sumu haikuingia, na hakuna mtu aliyelitakia mabaya. Ni maneno mawili tu ambayo kila mtu wa pwani anayajua tangu utotoni: maji baridi.

Mama mdogo na wanawake wenzake husafisha pweza na samaki nyuma ya nyumba yake, Mchinga, karibu kabisa na wavuvi wanaposhusha. Zamani maji machafu ya kazi hiyo, yenye utelezi na damu, yalimwagwa mtaroni, na harufu ikawafuata watu mpaka msikitini. Mwenyekiti wa kitongoji akawapa mambo mawili wachague: wayasafishe maji yao, au wahamie nje ya kijiji, mbali na ufuko, ambako pweza angewafikia akiwa amechoka kuliko wao.

Ndipo likajengwa tangi chini ya ardhi, limezibwa hewa isipite. Ndani yake, kwenye samadi ya ng'ombe iliyotiwa mwanzoni, wanaishi bakteria wasiotaka hewa. Wanakula uchafu na kutoa gesi, na gesi inapanda kwa mpira hadi jikoni. Maji yanatokea upande wa pili, harufu imebaki kidogo mno. Nilikuwapo moto ulipowaka mara ya kwanza, samawati, hauna moshi. Mama mdogo aliinjika sufuria ya pweza, akachungulia chini yake mara tatu kama anayemtafuta aliyejificha.

Fundi aliyelijenga alikuwa kijana kutoka nyanda za juu. Alipoaga aliacha maagizo machache, akarudi kwao.

Baadaye nikapigiwa simu nikiwa Lindi. Moto umezimika, na tangi linanuka yai viza. Mwenyekiti alishafika, akaziba pua kwa mkono wa kanzu, akasema mfungo wa Ramadhani ukianza na harufu ingalipo, watahama.

Nilipanda gari kesho yake. Nina tabia ya kuuliza jambo tangu mwanzo, moja baada ya jingine, na wanawake wale walinivumilia. Mnatia nini? Uchafu uleule. Kiasi gani? Kilekile. Mnauchanganya na maji gani? Hapo mama mdogo akaniambia, tena kwa fahari, kwamba tangu fundi aondoke wanafuata agizo lake sawasawa, ingawa kubeba ndoo kutoka baharini kunawavunja migongo.

Kutoka baharini? Nilimpigia fundi papo hapo, nikaweka sauti ya nje, mama mdogo azungumze naye.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Moto wako umekufa."

Akauliza wanatia maji gani.

"Ya bahari. Si ulisema tusitie maji baridi?"



"Mama, nilisema baridi. Baridi ya kutetemesha. Wale wadudu wanapenda joto."

"Sasa baba, maji baridi si ndiyo haya ya kisimani?"

Nilijikuta nimesimama, moyo unanidunda kwa furaha ya mtu aliyeokota ufunguo. Kwetu maji ni ya namna mbili, ya chumvi na baridi, na yale ya kisimani ni baridi hata yakiwa yanachemka mekoni. Kwa fundi, aliyekulia kwenye umande wa kuganda, baridi ni baridi. Wote wawili walisema Kiswahili safi.

Fundi alicheka, kisha akatueleza. Chumvi ikizidi hunyonya maji kutoka kwenye miili ya bakteria, na wale wa kutengeneza gesi huwa wa kwanza kudhoofika. Tena maji ya bahari yana chakula cha bakteria wa aina nyingine, na hao ndio waleta harufu ya yai viza.

Mama mdogo alifikiri kidogo. "Kumbe tumewafanya ng'onda."

Wanawake waliangua kicheko, maana kutia samaki chumvi na kumwanika ndiyo kazi yao ya kila siku.

Tulipunguza maji ya tangi, tukayapeleka kwenye minazi isiyoogopa chumvi. Tukatia ya kisimani kidogo kidogo. Samadi mbichi tuliifuata kwa wafugaji upande wa Kilangala, na dereva wa bajaji alilalamika njia nzima, hata wanawake walipomwambia kwamba leo amepata abiria wasiogombana naye nauli. Kila asubuhi nilifungua koki, nikawasha kiberiti, kikaniunguza vidole bure. Hata asubuhi moja gesi ikadaka moto. Mwali mdogo, samawati. Niliita nyumba nzima.

Mwenyekiti alikuja, akanusa, akazunguka tangi, akanusa tena, akanywa chai iliyochemshwa kwa gesi ileile. Lakini uamuzi hakuutoa. Alisema atarudi mkesha wa mfungo.

Sasa kiangazi kimekaza, na kisima nacho kimeanza kukolea chumvi, kama kinavyofanya maji yakipungua. Fundi anasema chumvi ikipanda polepole bakteria huweza kuizoea. Wataizoea mpaka wapi, hajui. Jana nilionja maji ya ndoo, ulimi ukakataa. Kisha nikawasha jiko. Moto ulikuwa samawati, mfupi kidogo kuliko wa juzi. Mfungo haujaanza.