Kidonda Kisichouma

Aliyeuona uvimbe ule kwanza hakuwa mimi. Alikuwa mama mwenye nyumba, asubuhi moja nikinawa uso kwenye pipa la maji ya mvua uani kwake, nimevaa singlendi tu.

"Mwalimu, hii kitu ku mukono yako iko nini?"

Nikageuza mkono wa kulia. Chini kidogo ya kiwiko, upande wa ndani, palikuwa na kinundu kigumu, kidogo kama punje ya karanga, kinachoteleza chini ya ngozi ukikigusa.

"Inakuuma?"

"Hapana, mama. Haiume."

"Basi iache. Itatoka yenyewe."

Nikaiacha. Huo ulikuwa mwaka wangu wa pili Kindu, nikifundisha darasa la tatu. Kwetu ni Kasai, lakini nilizaliwa Kamina, kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli, na wazazi wangu walikuwa bado huko. Serikali ndiyo iliyonituma Kindu. Katika mji mzima sikuwa na ndugu hata mmoja. Nilipanga chumba kimoja nyuma ya nyumba ya mjane huyo, mtu wa dini ya Kiislamu, ambaye babu zake walikuja na biashara ya zamani kutoka pwani. Tuliheshimiana sana na kuzungumza kidogo. Jioni nilisahihisha daftari, nikapika wali wangu, nikala nimekaa kizingitini.

Kinundu kikawa bapa gumu, pana kama kiganja cha mtoto. Baada ya miezi miwili ngozi ya katikati ikageuka nyeupe, kisha ikapasuka. Sikuwa na homa. Sikuwa na maumivu. Nilikula vizuri na kulala vizuri, na mkono wangu ukazidi kufunguka. Mtu mwenye maumivu hulia, na watu humjia. Mimi sikuwa na la kulalamikia, na asiyelalamika haulizwi hali.

Mama mwenye nyumba alinipondea majani, akayafunga juu ya kidonda kwa kipande cha kikwembe chake cha zamani. Majani yalikauka, kidonda kikabaki kilowevu. Nilianza kuvaa mikono mirefu. Siku moja niliingia darasani nikakuta benchi la mbele limesogezwa nyuma, mbali na meza yangu. Nami sikuuliza, maana harufu ya kidonda niliijua kabla yao. Walimu wenzangu wakaanza kunisalimu kwa kuinamisha kichwa, mikono ikiwa mfukoni.

Kila asubuhi tulipandisha bendera, tukaimba nyimbo za chama na kupiga makofi kumsifu kiongozi. Asubuhi moja kitambaa cha kidonda kilikuwa kizito, sikuweza kupiga. Direkta wa shule akaja mpaka mbele yangu, amevaa abakosi yake ya kijivu, koti lile lisilovaliwa tai.

"Sitwayeni mwalimu, mbona haupige makofi?"

"Mkono wangu ni mgonjwa, sitwayeni direkta," nikasema. Sitwayeni, yaani raia, ndivyo serikali ilivyotaka tuitane.

Aliutazama mkono, akarudi nyuma hatua mbili. "Basi imba kwa sauti," akasema.

Mama mwenye nyumba ndiye aliyeamua. Siku ya mapumziko alijifunga mtandio, akasimama mlangoni kwangu.

"Mimi nimechoka kuona hii kitu. Tuende ku hospitali."

Alitangulia njia nzima, mimi nyuma yake kama mtoto anayepelekwa shule.

Daktari alikuwa kijana, hajanizidi umri sana, aliyesomea Kisangani. Alichukua kijiti cha chuma chembamba, akakiingiza chini ya ukingo wa kidonda. Kikaingia. Kikaendelea kuingia. Niliona ncha yake ikiinua ngozi kutoka ndani, vidole vinne mbali na shimo, mahali nilipodhani ni pazima. Sikuhisi kitu.

"Hii shimo unaona ni mlango tu," akasema. "Ugonjwa unakula mafuta yenye iko chini ya ngozi. Na mishipa midogo ya kuhisi inakufa pamoja nayo. Njo maana haiume."

"Nimeupata wapi?"

"Watu wanasema ku maji ya mabwawa. Sisi hatujue vizuri." Alifuta kijiti chake. "Nitakata yote, mpaka nifike mahali pazima. Halafu tutatafuta ngozi ya kufunika. Nani atakaa na wewe?"

"Niko peke yangu."

Akamtazama mama mwenye nyumba. Mama akatazama sakafu. Mjane wa heshima asingeweza kukaa kwenye wodi ya wanaume akimwangalia kijana asiye wa ukoo wake, na sote watatu tulilijua hilo. Hospitali ile, kama hospitali zote za nchi wakati ule, ilimpa mgonjwa kitanda na dawa kidogo. Chakula, maji ya kuoga, kufua, kumwita muuguzi, hayo yote yalikuwa kazi ya ndugu.

"Nitatuma chakula," mama akasema kwa sauti ya chini. Na alituma. Kila Ijumaa, kabla ya kwenda kusali, alikuja mwenyewe mpaka mlango wa wodi, akaweka bakuli lililofunikwa sahani, akaniuliza hali akiwa amesimama nje, akaenda zake. Siku nyingine nilijitegemea.

Walinikata asubuhi. Nilipozinduka mkono ulikuwa gogo la bendeji. Siku ya kwanza ya kubadilisha, muuguzi, mzee mwenye vidole vyepesi, aliloweka bendeji kwa maji ya chumvi, akaifungua pole pole.

"Usiangalie," akasema.

Niliangalia. Kutoka karibu na kifundo cha mkono mpaka juu ya kiwiko hapakuwa na ngozi. Palikuwa na nyama tupu, nyekundu, inayong'aa, na katikati yake kano nyeupe kama uzi wa kushonea viatu. Nilikunja kidole kimoja. Kano ikasogea. Sikuwahi kufikiri kwamba ndani yangu kuna mtu mwingine anayefanya kazi hivyo, kimya kimya, bila kuonekana. Nilitamani sana kumwonyesha mtu. Muuguzi alikuwa ameshaanza kufunga.

Kipande kimoja cha nilichokatwa walikitia ndani ya chupa ya dawa, wakakipeleka Kinshasa kwa ndege ili kikapimwe. Mimi mwenyewe sikuwa nimepanda ndege kamwe. Majibu hayakurudi, ila daktari alisema hayahitaji, amekwisha ona vidonda vya aina hiyo vya kutosha.

Kitanda cha pili kwangu alilala mvuvi wa Lokandu, ambaye mti ulimwangukia ukamvunja mguu. Mke wake alikaa naye. Alilala sakafuni chini ya kitanda cha mumewe na kupika nje, nyuma ya wodi, pamoja na wake na mama wa wagonjwa wengine. Siku ya nne aliniona nikijaribu kufua shati kwa mkono mmoja, nimeibana ndoo kwa magoti. Akalichukua bila kuniomba. Tangu hapo alipopakua samaki wa mumewe, aliniwekea na mimi kichwa au mkia.

"Mama yako anajua uko hapa?" akaniuliza siku moja.

"Hapana."

"Hauandike?"

Nikainua gogo la bendeji. Yeye hakujua kuandika, na mumewe pia. Muuguzi angeniandikia kama ningemwomba. Lakini ningemwambia aandike nini? Kwamba mwanaye wa kwanza, mwalimu wa serikali, ananuka? Wiki zikapita.

Nyama ilipojaa na kuwa nyekundu sawasawa, daktari akasema wakati wa ngozi umefika. Walinilaza tena, wakanichoma sindano ya dawa inayomfanya mtu aone sauti kama rangi. Nilipozinduka, paja langu la kushoto lilikuwa linawaka moto. Walikuwa wamelikwangua ngozi nyembamba kama karatasi, wakaitandaza mkononi vipande vipande.

Nililia. Mimi, mtu mzima, nililia kwa sauti mbele ya wodi nzima. Na jambo la ajabu likatokea: watu wakaja. Mzee mmoja akanishika bega. Kijana mwenye bendeji kichwani akaniletea maji. Mke wa mvuvi akaketi ukingoni mwa kitanda changu, akanipepea kwa mfuniko wa sufuria.

"Lia, baba, lia," akasema. "Sasa umekuwa mugonjwa wa kweli."

Miezi yote ile nilikuwa nimeoza bila kuumwa, na hakuna aliyejua aniweke wapi. Sasa kidonda kidogo cha paja, ambacho kingepona chenyewe kwa wiki mbili, kilinirudisha kwa watu. Nililia kupita maumivu yenyewe. Sioni haya kulisema leo.

Siku kumi baadaye mvuvi aliruhusiwa. Walikuja ndugu zake, wakambeba kwa machela mpaka mtoni, kwenye mtumbwi wao. Mkewe alikunja mkeka, akaniachia bakuli moja la bati. Alisema watapita kuniona wakirudi sokoni. Hawakupita, au walipita nikiwa nimekwisha ondoka. Kitanda chao kikakaa tupu, kisha akalazwa mtu aliyegeukia ukuta.

Ngozi ilishika vizuri, isipokuwa vipande viwili ambavyo ilibidi virudiwe. Ndipo muuguzi mzee alipoleta ubao aliokata kwenye sanduku la maziwa ya unga, akaufunga nyuma ya mkono wangu ili ukae umenyooka.

"Ngozi mpya inajikunja," akanieleza. "Inavuta kama ngozi ya ngoma juani. Usipokaa na hii ubao, mukono itafungika. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Hata ikiuma."

"Hata ikiuma."

Iliuma. Iliuma kila saa ya mchana, maumivu ya kuvuta yasiyotoa machozi. Angekuwepo mama yangu, au hata mke wa mvuvi, angenikemea. Hakukuwa na mtu. Muuguzi alikuwa na wodi mbili. Nilianza kulegeza kamba akishapita, nikaukunja mkono kifuani, nikapata raha, nikazikaza tena nikisikia viatu vyake. Nilifanya hivyo kwa wiki nne. Siku aliyoondoa ubao kwa mara ya mwisho aliniambia ninyooshe. Mkono ukafika nusu, ukakwama.

Alinitazama. Alikuwa ameelewa.

"Ulikuwa unafungua."

Alikunja kamba zake, akazitia mfukoni, akaenda. Nimekosewa na watu wengi maishani, lakini mkono huu nilijikosesha mwenyewe.

Nilirudi shule. Kidonda kilikuwa kimefunga, hakikunuka tena, lakini benchi la mbele lilibaki nyuma na sikuwaomba walirudishe. Sikuweza kufikia nusu ya juu ya ubao wa kuandikia. Niliandika chini, nimeinama, na wanafunzi wa nyuma wakasimama ili wasome. Nikaanza kujifunza mkono wa kushoto, jioni, katika daftari la mistari miwili kama walilotumia wao.

Siku moja, ikiwa ni saa ya mapumziko, mama mwenye nyumba akatokea mlangoni pa darasa. Hakuwahi kufika shuleni.

"Mwalimu, njoo nyumbani. Iko mama moja analia kwangu, na sisikie luga yake."

Nilikimbia. Mama yangu alikuwa ameketi chini uani, miguu imenyooshwa mbele, kikwembe kimejaa vumbi la safari. Alikuwa amesafiri kwa treni kutoka Kamina siku nyingi, akikaa Kabalo kungoja behewa. Miezi saba hakupata barua. Alikuja, akanieleza baadaye, kuonyeshwa kaburi langu. Huko Kamina aliishi kati ya watu wa Kasai tu, hakujifunza Kiswahili; alipofika alitaja jina langu akilia, na mama mwenye nyumba, asiyeelewa maneno mengine, alimshika mikono na kurudia tu kwa Kiswahili, "Iko muzima, iko muzima," mpaka alipoona afadhali aje kuniita.

Mama aliniita "baba", kama wanawake wa kwetu wanavyowaita wana wao wa kwanza. Kisha akaona mkono. Akakunja mkono wa shati langu mpaka juu.

"Hii ngozi ni ya nani?" akaniuliza kwa lugha yetu.

"Ni yangu, mama. Waliitoa pajani."

Aliweka kiganja juu yake, akaanza kuipapasa, taratibu, kutoka kiwikoni kwenda chini, akirudia, macho ameyafumba. Niliona kiganja kikienda na kurudi. Ngozi ile haina hisia. Nilikuwa natazama mkono wa mama yangu ukinigusa, na kwangu haukunigusa.

"Unasikia?" akauliza.

"Nasikia, mama," nikasema.

Alikaa wiki tatu chumbani mwangu, mimi nikilala kwa jirani. Yeye na mama mwenye nyumba hawakuwa na lugha moja, lakini kila asubuhi niliwakuta wote wawili wakichambua mchele kwenye ungo mmoja. Kila jioni mama alipasha mafuta ya mawese, akanikanda kiwiko, akauvuta mkono kidogo kidogo, nikiuma meno. Hakulegeza hata siku moja. Ulifunguka upana wa vidole viwili, labda vitatu.

Siku ya kuondoka, stesheni, akiwa dirishani mwa behewa, aliniambia nirudi naye Kamina. Nikamjibu kwamba mwaka wa masomo haujaisha. Ilikuwa kweli, ingawa haikuwa sababu. Nilikuwa nimezoea kuwa peke yangu kama nilivyozoea ule mkono, na niliogopa kuunyoosha mbele ya ukoo mzima. Treni ikaondoka. Nikapita sokoni, nikanunua chupa ya mawese, na jioni ile nikaipasha, nikajikanda mwenyewe kwa mkono wa kushoto.