Siku Niliyomnusa Baba Mdomo

Juzi, katika hospitali moja ya Mutomo, nilimwona muuguzi akimfundisha mwanamume aliyeumia kichwa kutamka "maji", polepole, bila kumcheka. Nilitoka nje kwa hasira.

Baba pia aliumia kichwa, alipoanguka na bodaboda. Kidonda kilipona, ulimi ukabaki mzito. Alasiri moja alisimama kanisani kutoa ushuhuda, na maneno yakamtoka yakiburutana.

"Mzee, leo umepitia wapi?" shemasi akauliza. Watu wakacheka. Shemasi akanigeukia. "Wewe Mwende ndiye mtoto wake mkubwa. Hebu mnuse mdomo."

Nikamnusa mbele ya watu wote. Nilisikia harufu kali, chachu. Nyumbani kwetu pombe haikuwahi kuingia, sikuijua harufu yake, nikadhani ndiyo hiyo.

"Ananuka," nikasema.

Baba alinitazama. Waumini wakamshika mikono, wakamtoa nje. Hakusimama tena mbele ya watu mpaka alipofariki, tukamzika kando ya Mama aliyemtangulia, nikaacha shule nilee wadogo wangu.

Baadaye, nilipoijua harufu ya pombe, nilitambua kuwa ile ilikuwa ya uji wa mtama uliochachuka, niliompikia mwenyewe asubuhi, akaumalizia kabla tu ya kwenda kanisani. Mimi nilikuwa mtoto. Shemasi alikuwa mtu mzima, aliijua pombe, na hakuinama kunusa.